Shilingi tisa kwa kidole cha shahada

Shilingi ni neno ambalo Waingereza wameliacha na sisi tumebaki nalo. Tarehe 15 Februari 1971 walibadili hesabu ya fedha zao, pauni ikawa na peni mia moja, na shilingi ikafutwa vitabuni. Tanzania, Kenya, Uganda na Somalia bado zinahesabu kwa shilingi. Mimi nimezaliwa Tanga, nimetumwa dukani kwa shilingi, nimegombezwa kwa kupoteza shilingi, wala haikunipitia akilini kwamba neno hilo lina kwao, sembuse kwamba lina zaidi ya miaka 1,400 kwenye maandishi. Hayo niliyajua Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, nikiwa kazini.

Kazi yenyewe ni ile ambayo Watanzania wengi wa huku wanaifanya na hawaielezi sana wakipiga simu nyumbani: kutunza wazee majumbani mwao. Unamwamsha mzee, unamwogesha, unampa dawa na chai, unaandika kwenye daftari ulichofanya, unakimbilia nyumba ya pili. Mmoja wa wazee wangu alikuwa akiishi Rochester, mji mdogo wenye ngome na kanisa kuu kando ya mto Medway. Alikuwa seremala maisha yake yote. Mkono wake wa kulia haukuwa na kidole cha shahada. Msumeno ulikichukua akiwa kijana, na kikombe alikishika kwa namna yake mwenyewe, kidole cha kati kikifanya kazi ya jirani yake.

Mama alinipigia nikiwa jikoni kwa mzee huyo, tukawa tunabishana bei ya saruji. Nilipokata simu nikamkuta mzee amegeuza kiti kunitazama. “Umesema shilingi,” akaniambia. Nikamwambia ndiyo, ndiyo pesa yetu. Basi hapo nilimfungua. Akaanza kunisimulia mita ya gesi nyumbani kwao: unatumbukiza shilingi, unazungusha kitasa, gesi inakuja, ikiisha katikati ya kuoga, maji yanapoa na hakuna wa kumlaumu. Mama yake alipanga shilingi juu ya rafu, na mtoto aliyezigusa alichapwa. Shilingi waliiita pia “bob”, kama Wakenya wanavyoiita mpaka leo, na mzee alikuwa na hakika kwamba jina hilo limetokana na Robert Walpole, waziri mkuu wao wa kwanza, maana Bob ni kifupi cha Robert.

Hadithi ilinipendeza nikaenda kuithibitisha. Kadi yangu ya maktaba ya mtaa hunifungulia bure kamusi kubwa ya Oxford kwenye intaneti, ile inayoonyesha kila neno limeonekana kwenye maandishi tangu lini. Walpole alifariki 1745. “Bob” kwa maana ya shilingi linaanza kuonekana mwishoni mwa karne ya 18, miongo kadhaa baada ya kuzikwa kwake, na kamusi inasema waziwazi kwamba asili haijulikani. Nikajua kuanzia hapo kwamba jambo la kwanza la kuuliza kuhusu neno lolote ni tarehe. Hadithi tamu inaweza kutungwa wakati wowote. Karatasi yenye tarehe haitungiki kirahisi hivyo.

Kwa hiyo nikatafuta karatasi ya shilingi.

Kwa Kiingereza cha kale lilikuwa scilling, na lile “sc” walilitamka karibu na “sh” yetu, kiasi kwamba mtu wa Tanga angeelewana na mtu wa Kent wa zama zile kwa neno hilo moja. Ndugu zake wako kwenye lugha zote za jamii moja na Kiingereza na Kijerumani: Wajerumani walikuwa nalo, Waaustria walilitumia mpaka euro ilipoingia 2002, Waswidi vilevile walikuwa nalo. Maandishi ya Wagothi, watu wa jamii hiyohiyo walioishi Italia, yanalo pia. Kuna hati ya karne ya 6 kutoka Ravenna ambamo watumishi wa kanisa la Kigothi wanatia sahihi kwamba wamepokea shilingi 60, juu ya 120 walizokwisha kupokea, bei ya eneo la kinamasi. Niliisoma hati hiyo nikacheka peke yangu kwenye basi. Mtu anauza kiwanja chenye maji, anapokea kwa awamu, anaandikishwa mbele ya mashahidi. Tanga kesi za namna hiyo ninazijua kwa majina.

Kuhusu mzizi wa neno, wataalamu wamegawanyika. Wapo wanaosema limetoka kwenye kitenzi cha zamani chenye maana ya kulia, kwa mlio wa madini yanapogongana. Wapo wanaosema limetoka kwenye neno la ngao, kwa umbo la sarafu, na wapo wanaolivuta kwenye neno la kukata na kupasua. Mimi moyo wangu uko kwenye mlio, kwa sababu nimekulia dukani kwa baba nikisikia droo ya chenji. Lakini hilo ni pendekezo la moyo, na moyo si kamusi.

Kilichonifundisha zaidi kuliko mzizi ni mahali ambapo Waingereza waliliandika kwanza. Mfalme Æthelberht wa Kent, aliyempokea mmisionari Augustine kutoka Roma mwaka 597 na kufariki 616, aliandikisha sheria za watu wake kwa lugha yao wenyewe. Hiyo ndiyo sheria kongwe tuliyo nayo kwa Kiingereza, na nakala pekee iliyobaki imo ndani ya kitabu kilichoandikwa Rochester miaka ya 1120, mali ya kanisa kuu ambalo mzee wangu alilipita kila alipokwenda sokoni. Kitabu hicho kina madoa ya maji, kwa sababu mwanzoni mwa karne ya 18 kilidondoka mtoni kikisafirishwa. Picha za kurasa zake ziko wazi kwenye intaneti, unaweza kuzikuza mpaka uone vinyweleo vya ngozi iliyoandikiwa. Juu kabisa, kwa wino mwekundu, imeandikwa kwamba hizi ni hukumu alizoziweka mfalme Æthelberht zama za Augustine. Chini yake shilingi zimejaa: scill., scill., scill., kwa kifupi, pamoja na namba za Kirumi.

Shilingi za nini? Za majeraha. Ukimkata mtu sikio unalipa 12. Ukimng'oa jicho, 50. Mguu, 50. Jino la mbele, 6. Michubuko nayo ina bei, na inayoonekana nje ya nguo ni ghali kuliko iliyofichwa na nguo, maana ya nje inaongeza aibu. Ukimuua mtu huru wa kawaida, fidia yake ni shilingi 100.

Nilichapisha orodha hiyo nikampelekea mzee, tukaisoma meza moja baada ya dawa zake za asubuhi. Tulipofika kwenye vidole akaacha kula. Kidole gumba ni 20, na ukucha wake peke yake 3. Kinachofuata wanakiita kidole cha kurushia, yaani cha mshale: 9. Cha kati 4. Cha pete wanakiita kidole cha dhahabu: 6. Cha mwisho 11.

Mzee akaunyoosha mkono wake juu ya meza na kuutazama. “Tisa,” akasema. Kisha akapiga hesabu kwa fedha za 1971, ambapo kila shilingi ilibadilishwa kwa peni tano mpya. “Peni arobaini na tano! Mimi waliniuguza wakanirudisha kazini, hata hizo sikuziona.” Nikamweleza kwamba shilingi ya Kent haikuwa ile ya mita ya gesi, inadhaniwa ilikuwa kipande kidogo cha dhahabu au thamani yake, na yenyewe ilikuwa na sehemu 20 zilizoitwa sceattas. Hakutaka kusikia. Alichotaka kujua ni kwa nini kidole cha kati ni 4 tu, wakati ndicho kilichomlisha miaka yote baada ya ajali. Kwa macho ya seremala, alisema, aliyeandika orodha hii hakuwahi kushika randa.

Hapo ndipo nilipojumlisha, kwa mazoea tu ya mtoto wa dukani. Ishirini, tisa, nne, sita, kumi na moja: hamsini. Vidole vitano vya mkono mmoja ni sawasawa na jicho au mguu, na ni nusu ya mtu mzima. Sheria haikuwa imekisia bei kidole kwa kidole. Ilikuwa na jumla kwanza, kisha ikagawanya. Na vidole vya miguu, ukiendelea kusoma, ni nusu ya vya mikono.

Namba hizo zilinikaa kichwani kwa sababu nilikuwa nimezisikia mahali. Nikampigia mjomba wangu anayefundisha madrasa Pangani. Baada ya shikamoo na habari za wagonjwa, nikamuuliza diya ya vidole, yaani fidia yake kwa sheria ya Kiislamu. Akajibu bila kufungua kitabu: “Kwetu hakuna kubagua vidole, mwanangu. Gumba na cha mwisho ni sawa, ngamia kumi kumi. Jino ngamia watano. Jicho moja hamsini. Nafsi mia.” Nikamsomea za Kent. Alinyamaza kidogo, akaniuliza huyo mfalme alikufa lini. Nikamwambia 616. “Basi hata Hijra bado,” akasema, “usije ukaandika kwamba wamechukua kwetu. Wala kwamba sisi tumechukua kwao.”

Ningeandika. Nakiri kishawishi kilikuwepo, maana mia kwa mia, hamsini kwa hamsini, vidole vitano hamsini na vidole vitano hamsini, ni mambo ya kumfanya mtu atangaze ugunduzi. Lakini njia ya kuunganisha Kent na Makka ya miaka ile haipo, na binadamu yeyote mwenye vidole kumi anayetaka kuzuia kisasi cha damu ataangukia mia na nusu yake. Tofauti ndiyo iliyonifaa zaidi. Kidole kinachofuata gumba, wao walikipa jina la upinde na sisi jina la shahada. Wao wakapandisha na kushusha bei kwa kazi ya kidole, fiqhi, sheria yetu ya Kiislamu, ikasawazisha vyote. Maneno ya vidole yanakueleza mkono ulikuwa ukifanya nini.

Kuna jambo jingine kwenye historia ya neno hili ambalo mpaka leo watu hawaniamini nikilisema: kwa karne nyingi hapakuwa na sarafu ya shilingi. Ilikuwa ya kuhesabia tu. Uliwiwa shilingi, ulitozwa shilingi, lakini mkononi ulishika peni za fedha, na idadi yake ilitegemea ulikosimama: katika falme za kale za huku, Wessex peni 5, Mercia 4, na baada ya Wanormani kuiteka nchi mwaka 1066 ikatulia kwenye 12. Sarafu yenye thamani ya shilingi ilipigwa kwanza zama za Henry VII, aliyetawala kuanzia 1485 hadi 1509. Neno lilitangulia kitu kwa karibu miaka 900.

Makarani wa zamani waliandika hesabu kwa Kilatini, na mahali pa scilling wakaweka solidus, jina la sarafu ya dhahabu ya mfalme Constantine wa Roma. Ndiyo maana kifupi cha shilingi kwa Waingereza kilikuwa “s”, na kifupi cha peni kilikuwa “d”, kwa ajili ya denarius, jambo ambalo vinginevyo halina maelezo. Ile “s” ndefu ya mwandiko wa mkono ndiyo inayosemekana ilinyooka ikawa mstari wa mshazari. Shilingi tano kamili bila peni waliandika 5/-, mshazari na kistari cha kuonyesha hakuna kitu upande wa pili.

Sasa nenda popote Tanga utazame mama wa vitumbua ameandika nini kwa chaki: 200/=. Angalia risiti ya kuandikwa kwa mkono, hundi, kadi ya mchango wa harusi. Kistari kimoja cha Waingereza sisi tumekifanya viwili, na kwao leo huwezi kukiona isipokuwa kwenye vibao vya kale. Nilimpelekea mzee picha ya ubao wa genge la jirani yetu. Bei ya nyanya hakuielewa, lakini ile alama aliitambua kabla sijamwonyesha.

Shilingi ilikuja kwetu kwa amri. Kabla yake pwani ilihesabu kwa rupia ya Kihindi, na upande wa Wajerumani kwa rupia yao, iliyogawanywa kwenye pesa 64 na kuanzia 1904 kwenye hela 100. Ndiyo hiyo hela tunayoikopa mpaka leo. Waingereza waliunda bodi ya sarafu ya Afrika Mashariki mwaka 1919, wakajaribu florini 1920, ikafa, na 1921 wakaleta shilingi, 20 kwa pauni. Haikuja kwa heri. Kenya mwaka huohuo walowezi walitaka kukata mishahara ya Waafrika kwa theluthi, na Harry Thuku alikamatwa Machi 1922 baada ya kuwakusanya watu kupinga hayo na mengine. Zanzibar iliingia 1936. Mwaka 1966 kila nchi ikatoa shilingi yake.

Nilipomweleza mama ninachofuatilia, akafungua kijisanduku cha babu na kunitumia picha kwa WhatsApp. Shilingi ya 1924. Upande mmoja kichwa cha George V na maandishi ya Kilatini, upande wa pili simba amesimama mbele ya milima. Fedha halisi ndani yake ni robo tu, na imeshachakaa, manyoya ya simba yamelainika kwa vidole vya watu. Babu alikata mkonge. Walilipwa kwa kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na siku ambayo hukumaliza kata yako haikuhesabiwa, kwa hiyo siku 30 zinaweza kuchukua miezi miwili. Kwa nini aliitunza hii moja na asiinunulie sukari, mama hajui. Anasema babu alipenda kuigonga kwenye jiwe la mlangoni asikie kama ni nzima. Sikumwambia mama kuhusu wale wanaosema neno limetokana na mlio. Angelichukua kama ushahidi, na angemsimulia kila mtu.

Mzee alitaka kujua shilingi yetu ina peni ngapi. Nikamwambia haina peni, ina senti mia, tangu 1921. Akanikazia macho. Yeye na wenzake walifundishwa shuleni kugawanya kwa 12 na kwa 20, wakachapwa kwa hilo, na mwaka 1971 wakaambiwa yote ni bure, hesabu sasa ni mia. “Kwa hiyo walikuwa wanajua kutengeneza shilingi ya mia,” akasema, “wakawapa nyie, sisi wakatuacha na kumi na mbili kwa miaka hamsini.” Jambo hilo lilimuudhi kweli, kuliko hata kidole.

Mama yeye kinachomshughulisha ni Bunge. Kipindi cha bajeti huwasha redio tangu asubuhi, na mbunge asiporidhika na majibu anatangaza kushika shilingi, yaani kuzuia shilingi moja ya mshahara wa waziri mpaka aeleweshwe. Mchezo huo una ndugu Westminster, kwenye Bunge la Uingereza: Juni 1895 serikali ya waziri mkuu Rosebery ilianguka baada ya wabunge kupiga kura ya kupunguza mshahara wa waziri wa vita kwa pauni 100, kisa upungufu wa baruti. Nilimsimulia mama hayo. Akasema wale angalau walishika mia, huku mtu anashika shilingi moja ambayo hata kuonekana haionekani. Ni kweli: shilingi moja ya sarafu sijaishika miaka mingi, chenji dukani inaanzia 50, na pauni ninayomtumia inafika kwake ikiwa elfu tatu na ushei. Imerudi kuwa ya kuhesabia tu, kama ilivyokuwa Wessex. Mama akaniuliza kama hiyo elfu tatu na ushei ya leo imepanda au imeshuka, kwa sababu saruji bado hatujanunua.